Madaraja na Mafuriko: Mvua Isitwishwe Lawama Yote

Kila masika yanapokuja kwa nguvu, hutangazwa habari ambayo wananchi wameizoea kiasi cha kuijua kabla haijamalizika kusomwa: mvua kubwa imenyesha, mto umefurika, daraja limesombwa, barabara imekatika, wasafiri wamekwama. Kisha hufuata maelezo, nayo ni yale yale ya mwaka uliopita, kwamba mvua ilikuwa kubwa isiyo ya kawaida. Mvua ndiyo mshtakiwa wa kwanza na wa pekee. Haina wakili, wala haiwezi kujibu. Basi shauri hufungwa, fedha za dharura hutafutwa, kifusi humwagwa, magari hupita, na jambo zima husahauliwa mpaka masika mengine.

Hukumu ya haraka namna hiyo haiwatendei haki wananchi. Ni kweli kwamba zipo mvua ambazo hakuna kazi ya mikono ya binadamu inayoweza kuzihimili. Lakini ni kweli vile vile kwamba mto mmoja, katika usiku mmoja, huweza kubomoa daraja moja na kuliacha jingine limesimama maili chache tu mbele yake. Kama mvua ingekuwa ndiyo sababu yote, madaraja yote mawili yangekwenda. Maadamu moja limebaki, hapana budi kuuliza lile jingine lilikuwa na upungufu gani, ulianza lini, na nani aliyekuwa na wajibu wa kuuona.

Mifano haiko mbali. Mwezi wa Januari 2014, mafuriko ya Dumila, mkoani Morogoro, yaliikata barabara kuu iendayo Dodoma kwenye daraja la mto Mkundi. Mwezi wa Machi 2020, barabara hiyo hiyo ilikatika tena pale Kiyegeya, wilayani Gairo. Mwezi wa Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa miwili ya kusini ikatengwa na njia yake kuu ya nchi kavu. Hizi si njia za mashamba. Barabara ya Morogoro na Dodoma hubeba mizigo ya mikoa ya kati na ya ziwa, na hubeba pia mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo itokayo bandarini. Barabara ya kusini ndiyo inayobeba korosho na ufuta, na ndiyo inayompeleka mgonjwa wa Kilwa au Lindi kwenye hospitali kubwa za Dar es Salaam. Daraja moja likikatika, mkulima asiyeujua hata mto huo kwa jina hupandishiwa bei ya saruji, na mgonjwa hungoja kwenye ukingo wa maji.

Kwa sababu hiyo inafaa wananchi waelewe jinsi daraja linavyoanguka, maana wengi hudhani kwamba maji hulisukuma tu mpaka likashindwa, kama fahali anavyosukuma ua. Mara nyingi sivyo. Adui mkubwa wa daraja hafanyi kazi yake juu, mahali panapoonekana na watu. Anafanya kazi chini, kwenye kitako cha nguzo.

Mto unapojaa, maji yaendayo kwa kasi hugonga nguzo ya daraja. Sehemu ya maji hayo hupita kando, lakini sehemu nyingine huteremka moja kwa moja hadi chini ya mto, ikajizungusha na kuchimba mchanga na kokoto zilizouzunguka msingi. Shimo hupanuka saa kwa saa. Kama msingi umesimama juu ya mwamba, au umejengwa juu ya nguzo ndefu zilizozamishwa ardhini, daraja huweza kustahimili. Kama msingi haukwenda chini vya kutosha, hufika wakati ambapo nguzo imesimama juu ya maji matupu. Hapo tena haihitajiki nguvu kubwa. Uzito wa daraja lenyewe hutosha kuliangusha. Ndiyo maana baadhi ya madaraja huanguka wakati ambapo maji yamekwisha anza kupungua na watu wamekwisha anza kushukuru.

Ubaya wa adui huyu ni kwamba anajua kuficha nyayo zake. Mafuriko yakipungua, mto hupunguza mwendo na kuuacha mchanga uliokuwa ukiubeba, na mchanga huo huenda ukalijaza lile shimo. Mkaguzi atakayefika wakati wa kiangazi atakuta mto umekauka, mchanga umetandazwa vizuri, nguzo imesimama wima. Ataandika kwamba daraja ni zima. Lakini mchanga uliojaa shimoni ni mlegevu, haujashikana kama ule wa zamani, na mafuriko yanayofuata yatauondoa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo daraja linaweza kuwa limekwisha jeruhiwa miaka kadhaa kabla ya siku ya kuanguka kwake, na watu wakapita juu yake kila siku bila habari.

Njia ya pili ya kuangamia kwa daraja ni kwenye matuta yanayoliunganisha na barabara. Daraja lenyewe ni la zege na chuma, lakini tuta lililoko kila upande ni udongo ulioshindiliwa. Pale mto unapofurika na kutanda bondeni, tuta huwa kama ukuta uliojengwa kuzuia maji. Maji yote ya bonde hulazimishwa kupita katika tundu moja la daraja. Maji yaliyobanwa huongeza kasi, na maji yakiongeza kasi mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Yasipopata nafasi ya kutosha, hupanda juu ya tuta na kulila kutoka upande wa pili. Ndiyo maana baada ya mafuriko mengi huonekana jambo la kustaajabisha: daraja limesimama peke yake katikati ya mto kama kisiwa, na barabara ya kulifikia haipo. Husemwa kwamba daraja limesombwa, kumbe kilichosombwa ni udongo ambao haukupewa kinga ya mawe wala njia ya kutosha ya maji.

Njia ya tatu ni takataka. Mto uliofurika haubebi maji matupu. Hubeba magogo, miti mizima pamoja na mizizi yake, vichaka, na katika miji hubeba matairi, mifuko na kila kitu kilichotupwa mitaroni. Vitu hivi hujikusanya kwenye nguzo na kufanya ukuta, na ukuta huo hukaza msukumo na kuzidisha uchimbaji wa chini. Kwa makalavati hatari ni kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya kupitia kuzibwa, yalipasua na kuviangukia vijiji vilivyoko chini. Walikufa watu zaidi ya 40. Maji ya kawaida ya kijito yaligeuzwa kuwa bwawa, na bwawa hilo halikujengwa na mtu yeyote kwa makusudi. Lilijengwa na uzibaji wa tundu moja.

Mambo haya si siri ya nchi hizi peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu madaraja zaidi ya 500 yaliyoharibika nchini Marekani kati ya mwaka 1989 na 2000 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yaliharibiwa na mafuriko na kuchimbwa kwa misingi. Nchi hiyo haina upungufu wa saruji, wala haina upungufu wa wahandisi. Tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu katika jimbo la New York, lililovuka kijito cha Schoharie, lilianguka wakati wa mafuriko na kuua watu 10. Lilikuwa limetumika tangu mwaka 1954. Wachunguzi walikuta kwamba misingi yake haikuwekwa chini sana, na kwamba mawe makubwa yaliyokusudiwa kuikinga yalikuwa yameondolewa na maji kwa muda wa miaka mingi bila kurudishwa ipasavyo. Daraja hilo halikuuawa na uhaba wa fedha za kujenga. Liliuawa na uhaba wa mawe na usimamizi. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo ilitoa amri kwamba misingi iliyoko majini ikaguliwe chini ya maji, kwa muda usiozidi miaka 5 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine.

Huko Ureno, usiku wa tarehe 4 Machi 2001, nguzo ya daraja la Hintze Ribeiro kwenye mto Douro ilibomoka, na basi moja na magari madogo matatu yakatumbukia mtoni. Watu 59 walipoteza maisha. Daraja hilo la karne ya 19 lilikuwa limevumilia mafuriko mengi, lakini kwa miaka mingi mchanga wa mto ulikuwa umechimbwa na kuuzwa, na chini ya mto pakazidi kushuka hata misingi ikabaki wazi. Waziri aliyehusika na ujenzi alijiuzulu mara baada ya msiba huo. Hakungoja kwanza kuambiwa kwamba mvua ilikuwa kubwa.

Habari ya mchanga wa Ureno isisomwe kama hadithi ya mbali. Mchanga wa mito ya Dar es Salaam, kama vile Mbezi, Tegeta na Mpiji, umechimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Lori moja la mchanga huonekana kama biashara ndogo isiyomdhuru mtu. Lakini mto una hesabu zake. Ukichimbwa mahali pamoja, maji hulazimika kulijaza shimo hilo kwa mchanga yanaouchota kwingineko, na kwingineko huko mara nyingi ni kwenye kingo, kwenye nyumba za watu, na kwenye misingi ya daraja. Faida huingia mfukoni mwa mmoja, na gharama hulipwa na wote.

Kinyume chake kinaonekana katika mto Msimbazi. Pale Jangwani tatizo la miaka mingi halikuwa mchanga kupungua bali kuzidi. Udongo kutoka sehemu za juu za bonde, zilizokatwa miti na kujengwa bila mpango, umeteremka na kujaa chini ya mto, na takataka za mji zikaongezeka juu yake. Mto ukawa unapanda huku daraja likibaki pale pale, hata nafasi ya kupitishia maji ikawa ndogo kuliko ile iliyokusudiwa na wajenzi. Ikawa mvua ya saa chache tu inatosha kuifunga barabara ya Morogoro katikati ya jiji. Hili linafundisha kwamba daraja halipimwi kwa urefu na upana wake peke yake. Daraja ni sehemu ya mto, na mto ni mali ya bonde zima. Anayefyeka msitu mlimani anabomoa daraja la tambarare, ingawa hatalisikia likianguka.

Zipo pia hesabu ambazo hazielezwi kwa wananchi ipasavyo. Inaposemwa kwamba daraja limepimiwa mafuriko ya miaka 50, wasikilizaji wengi hudhani kwamba mafuriko hayo yakija leo hayatarudi mpaka wajukuu wawe wazee. Maana yake siyo hiyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka yapo mategemeo ya 2 katika 100 kwamba maji ya kiasi hicho au zaidi yatafika. Kwa daraja linalotarajiwa kuishi miaka 50, mategemeo ya kukutana nayo angalau mara moja yanakaribia 64 katika 100. Likipimiwa mafuriko ya miaka 25, mategemeo hayo yanafika 87 katika 100. Likipimiwa ya miaka 100, bado ni karibu 40 katika 100. Kwa hiyo anayechagua kipimo kidogo ili kupunguza gharama hachezi bahati nasibu ya mbali. Anaandika karibu kwa uhakika kwamba daraja lake litajaribiwa kabla ya kuzeeka.

Tena hesabu hizo husimama juu ya kumbukumbu za mvua na vina vya mito. Zikikosekana, mhandisi hubahatisha. Na hata pale zilipo, ni kumbukumbu za hali ya hewa ya zamani. Dunia inazidi kupata joto, na kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, ambao mwishowe hushuka kama mvua nzito zaidi. Baada ya mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, baada ya kimbunga Idai kilichoitenga Beira nchini Msumbiji mwezi Machi 2019, na baada ya Hidaya kuufikia mwambao wa Tanzania, neno "isiyo ya kawaida" limepoteza maana yake. Kinachorudi mara kwa mara hakiwezi kuendelea kuitwa ajabu.

Hapa huzuka hoja ambayo lazima ijibiwe kwa heshima, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Husemwa kwamba nchi ambayo bado inatafuta madawati, dawa na maji safi haina uwezo wa kujenga kila daraja kwa kipimo cha mafuriko ya miaka 100. Hilo ni sahihi. Lakini hoja hiyo, ikitazamwa vizuri, haiwatetei wazembe. Inawahukumu. Nchi yenye fedha nyingi inaweza kumudu kujenga daraja moja mara mbili. Nchi maskini ndiyo isiyoweza. Kwa hiyo kutunza ni sharti la umaskini kabla ya kuwa anasa ya utajiri.

Wala si kila kinga ni ya gharama kubwa. Mawe makubwa yaliyopangwa kuzunguka nguzo, au yaliyofungwa katika vikapu vya waya kwenye kingo, hupatikana karibu na mito mingi. Kupima kina cha mto kwenye nguzo kabla ya masika na baada yake, na kuandika vipimo hivyo katika daftari moja lisilopotea, ni kazi ya siku moja. Kuondoa magogo na kuzibua makalavati ni kazi ya majembe na mapanga. Mahali ambapo tuta refu limekatisha bonde, makalavati ya ziada huweza kuyapa maji mlango mwingine. Na katika barabara ndogo za vijijini, daraja la chini ambalo maji hupita juu yake kwa saa chache, kisha likabaki salama, huweza kuwa na manufaa kuliko daraja refu lenye fahari litakaloondoka na mafuriko ya kwanza, ilimradi wananchi wawekewe alama za kina na wakatazwe kabisa kuvuka maji yakiwa juu.

Vyombo vya kuyafanya hayo vipo. Wakala wa Barabara, TANROADS, ana dhamana ya barabara kuu na za mikoa. TARURA ana dhamana ya barabara za vijijini na mijini. Mfuko wa Barabara hupokea fedha kutokana na tozo ambayo mwananchi huilipa kila anunuapo mafuta, na hata asiye na gari huilipa ndani ya nauli na bei ya chumvi. Bodi za maji za mabonde zipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Kinachotakiwa ni vyombo hivyo visomeane taarifa. Utabiri wa mvua kubwa usiishie redioni. Uwe ni amri kwa kila meneja wa barabara kwenda kuyatazama madaraja yake, na kwa kila mkurugenzi kuhakikisha mitaro yake imezibuliwa.

Jambo kubwa zaidi ni namna ya kuihesabu kazi. Daraja jipya huzinduliwa. Utepe hukatwa, ngoma huchezwa, jina la kiongozi huchongwa kwenye jiwe. Hakuna aliyewahi kualikwa kuzindua kalavati lililozibuliwa. Hakuna jiwe linalomtaja fundi aliyerudisha mawe kwenye kitako cha nguzo, ingawa huenda fundi huyo ameokoa maisha ya abiria wa mabasi mengi ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa. Maadamu sifa zote ziko kwenye kujenga, fedha na bidii zitakwenda kwenye kujenga, na yaliyojengwa jana yataachiwa mvua. Kipimo cha uongozi katika mkoa au wilaya kisiwe idadi ya madaraja yaliyofunguliwa peke yake, bali pia idadi ya yale yaliyosimama baada ya masika.

Kadhalika, daraja likianguka, uchunguzi ufanywe na matokeo yake yatangazwe kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa: msingi ulikwenda chini kiasi gani, lilipimiwa mafuriko gani, lilikaguliwa lini mara ya mwisho, mkaguzi aliandika nini, na maandishi yake yalimfikia nani. Shabaha isiwe kumtafuta mtumishi mdogo wa kutolewa kafara ili wakubwa wapumue. Shabaha iwe kuijua kasoro ili isirudiwe kwenye daraja linalofuata. Lakini yule atakayethibitika kuwa alikula saruji, au aliipokea taarifa ya hatari akaifungia mezani, asipewe hifadhi chini ya mwavuli wa mvua.

Wananchi nao wana sehemu yao. Anayeng'oa vyuma vya kingo za daraja akaviuze kama chuma chakavu, anayelima hadi ukingoni mwa mto, anayepakia mchanga usiku chini ya nguzo, anayegeuza mtaro kuwa jaa, wote hao wanashiriki katika kubomoa. Na yule anayeona ufa, au anayeona tuta limeanza kumeguka, asipite kimya kwa kudhani kwamba wenye kazi yao wameona. Serikali ya kijiji ipokee taarifa yake na kuifikisha, na mhandisi asiidharau kwa sababu haikuandikwa kitaalamu. Mzee aliyeishi kando ya mto miaka 60 anajua maji yalifika wapi katika mwaka ambao hakuna chombo kilichopima.

Mvua zitakuja, na nyingine zitakuwa kubwa kuliko zilizopita. Hilo haliko mikononi mwa mtu. Yaliyoko mikononi mwa watu ni kina cha msingi, mawe ya kuukinga, upana wa njia ya maji, usafi wa makalavati na ukweli wa taarifa. Kiangazi ndio msimu wa kuyatimiza hayo yote, wakati mito iko chini na nguzo zinaonekana. Atakayekipoteza kiangazi asiilaumu masika.